Naenda Eugene mwezi Juni na nina pumu: nibebe viatu vya kukimbilia au niviache?

*"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 51, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Katikati ya Juni nakwenda Marekani, mji wa Eugene, jimbo la Oregon, kwenye mahafali ya mwanangu. Nitakaa siku 12. Huwa nakimbia na klabu yetu ya joging kila Jumamosi, kilomita 8 hadi 10, mwendo wa kuongea. Nilikuwa na pumu utotoni, na siku hizi inanibana mara mojamoja, hasa vumbi likizidi. Navuta inhela ya bluu, inatulia. Sasa mwanangu ananiambia kwamba Juni huko yeye hutokwa machozi na kupiga chafya mpaka anakosa usingizi, ila mwaka wa kwanza hakuwa hivyo. Mwenzangu wa klabu naye kanitisha, eti huo ni mji wa mabingwa, uko juu milimani kama Iten ya Kenya, nitakosa pumzi hata nikitembea tu. Natamani sana kukimbia huko, lakini naogopa kumwaibisha mtoto na kumharibia sherehe yake. Nibebe viatu au niviache?"*

Dada yangu, kwanza hongera kwa mahafali. Viatu beba. Ila kabla ya hiyo safari kubwa kuna safari fupi ya kufanya hapohapo Dar, ya kwenda kumwona daktari wako, na nitakueleza kwa nini.

Nianze na mlima, maana huo unaondoka upesi. Eugene haiko milimani. Iko kwenye bonde la mto Willamette, kama mita 130 tu juu ya usawa wa bahari, wakati Iten iko kwenye mita 2,400 hivi. Mwenzako kachanganya kwa sababu inayoeleweka: huku kwetu ukisema mabingwa wa mbio, akili inakwenda moja kwa moja kwenye miinuko ya Bonde la Ufa. Na kweli miinuko ina kazi yake. Mtu akiishi juu, kila pumzi inampa oksijeni kidogo, figo zinatoa homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi, na damu yake inakuwa na uwezo mkubwa wa kubeba oksijeni. Hilo hulipati Eugene, na wala hawaliendei huko. Wakimbiaji wa Kenya kama akina Beatrice Chebet na Faith Kipyegon huenda na damu waliyoijenga nyumbani, wakaitumia mahali penye hewa nzito na jioni zenye ubaridi. Ndivyo Chebet alivyokimbia mita 10,000 kwa dakika 28:54.14 pale Eugene mwezi Mei 2024, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29. Akarudi Julai 2025 akakimbia mita 5,000 kwa 13:58.06, wa kwanza chini ya dakika 14, na siku hiyohiyo, kwenye uwanja huohuo, Kipyegon akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3:48.68. Wewe unayetoka usawa wa bahari, pumzi ya Eugene kwa upande wa kimo ni ileile ya Mbagala.

Kitakachokutafuta huko ni nyasi.

Bonde la Willamette ni moja kati ya sehemu zinazolima mbegu za nyasi kwa wingi sana duniani, zile zinazopandwa kwenye bustani na viwanja vya mpira. Sasa fikiria. Nyasi za bustani hukatwa kabla hazijachanua, lakini mkulima wa mbegu hana budi kuziacha zichanue, maana bila ua hakuna mbegu. Kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Mei hadi sehemu kubwa ya Juni, mashamba makubwa kwa makubwa yanamwaga chavua, yaani unga wa maua, hewani kwa pamoja. Eugene imekaa kwenye ncha ya kusini ya bonde, pale safu mbili za milima zinapokaribiana, na upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka kaskazini. Chavua ya bonde lote inasukumwa kuja mjini, na ikifika inatuama. Mimi niliishi huko viangazi viwili wakati wa masomo. Asubuhi nilikuwa nakuta kioo cha mbele cha gari kimepakwa vumbi laini la rangi ya njano, na ukipitisha kidole unaandika jina lako. Mahafali ya Chuo Kikuu cha Oregon yanaangukia humohumo katikati ya Juni.

Hapa ndipo maelezo ya mwanao yana maana kubwa kuliko alivyodhani. Mwaka wa kwanza hakuumwa, wa pili akaumwa, na hilo ni la kawaida kabisa. Mzio hauanzi siku ya kwanza ya kukutana na kitu. Mwili unaingiza chavua, unaikosea kuwa adui, unatengeneza kingamwili maalumu za kuitambua, na hizo zinakwenda kukaa juu ya seli zilizojaa kemikali kwenye pua, macho na mapafu. Mpaka hapo mtu hasikii kitu. Msimu unaofuata chavua ileile ikirudi, zile seli zinapasuka na kumwaga histamini na nyingine za jamii yake: pua inavimba, macho yanawasha, na kwa mwenye pumu misuli inayozunguka njia za hewa inakaza.

Kwa hiyo wewe unayekwenda mara ya kwanza kwa siku 12 una nafasi nzuri ya kupita salama, lakini sikuahidi. Ukiwa tayari una mzio wa nyasi za huku bila kujua, mwili wako unaweza kuzitambua za kule kama ndugu zao, kwani nyasi nyingi zina protini zinazofanana. Na njia za hewa za mwenye pumu ni nyepesi kuudhika hata bila mzio. Jiulize jambo moja na ukamweleze daktari jibu lake: je, vumbi linalokubana ni la kufagia ndani ya nyumba, au ni lile la mvua zikishakwisha, nyasi zimekomaa, watu wanafyeka viwanja? La kwanza linaelekea kwa wadudu wadogo wa vumbi la godoro na zulia. La pili linaelekea kwa nyasi, na hapo tahadhari iongezeke.

Sasa inhela ya bluu. Umeniandikia "navuta, inatulia", na hiyo sentensi ndiyo iliyonifanya nikae kukujibu kwa urefu. Salbutamoli, dawa iliyomo humo, inalegeza misuli iliyokaza, basi. Uvimbe ulioko ndani ya ukuta wa njia za hewa haiugusi. Ni sawa na kuufungua mlango uliokwama kwa kuusukuma bega huku mbao zinaendelea kuvimba kwa unyevu. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umeacha kushauri mtu mzima atibiwe kwa inhela ya kutuliza peke yake. Anatakiwa apate na dawa ya kuvuta inayopunguza uvimbe, ama ya kila siku, ama ile iliyochanganywa ambayo huvutwa dalili zikija. Dawa hiyo haifanyi kazi yake yote kwa siku moja. Ndiyo maana nataka umwone daktari wiki 4 hadi 6 kabla ya safari, usisubiri wiki ya kufungasha. Mwambie: nakwenda mahali penye chavua nyingi, nitakimbia, nataka unipime kifua na uniandikie mpango wa maandishi. Aangalie pia kama unaivuta inhela sawasawa, maana wengi tunaipulizia ulimi.

Kwa pua na macho, usitegemee Piritoni. Inasaidia, lakini inalaza, na wewe tayari utakuwa unapambana na usingizi wa safari. Setirizini au loratadini humfaa zaidi msafiri, na dawa ya steroidi ya kupuliza puani ni bora kuliko zote mbili kwa pua iliyoziba, mradi uianze wiki moja au mbili kabla. Hizi nazo daktari azione pamoja na dawa nyingine unazotumia, kama ziko.

Dawa zote ziende kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa kwenye vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari. Na ukumbuke hili, kwa sababu limewahi kumhangaisha mgonjwa wangu dirishani duka la dawa: salbutamoli Marekani inaitwa albuterol, na haiuzwi bila cheti cha daktari wa huko. Beba inhela mbili. Nunua bima ya safari inayokubali ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kuondoka, na usome mstari huo kwa macho yako, maana bima nyingi za bei rahisi huuruka. Matibabu kule ni ghali mno.

Kukimbia kwenyewe je? Nikupe njia zilizopo, nawe uchague. Ukipenda kutulia kabisa, tembea, na hakuna atakayekudai. Lakini kwa mtu anayekimbia kilomita 8 akiongea, na pumu ikiwa imeshikwa vizuri, sioni sababu ya kukukataza. Angalia taarifa ya chavua ya siku hiyo kwenye simu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi yake hewa imeoshwa, toka. Siku kavu yenye upepo, kaa chini ya miti mikubwa au uache. Anza kwa dakika 10 hadi 15 za kutembea na kukimbia kidogokidogo, kwa sababu njia za hewa zikipashwa joto taratibu hazikazi sana baadaye. Hewa ya kiangazi ya Oregon ni kavu kuliko yetu, na ukihema kwa nguvu kwa mdomo inakausha utando wa njia za hewa, na huo ukavu peke yake unatosha kumbana mwenye pumu. Wewe uliyezoea joto la mvuke la pwani utalisikia hilo kooni. Ukirudi, oga na osha nywele kabla hujakaa kitandani, na madirisha yafungwe. Jambo hilo la nywele watu hulidharau, kumbe usiku mzima wanalalia chavua waliyobeba kichwani.

Na kuna dalili ambazo hazina mjadala. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, inhela isipokushikilia hata masaa manne, midomo ikibadilika rangi, au ukiamka usiku kwa kubanwa, mbio zimekwisha kwa safari hiyo. Kwa hizo tatu za kwanza mwanao apige 911, namba ya dharura ya Marekani, hapohapo. Usijikaze kwa sababu kesho yake ni sherehe.

Nije kwenye lile la kumwaibisha mtoto, maana nadhani ndilo linalokusumbua zaidi ya kifua.

Mwishoni mwa 1962 kocha wa mbio wa Chuo Kikuu cha Oregon, Bill Bowerman, alisafiri kwenda New Zealand kumtembelea kocha mwenzake Arthur Lydiard. Bowerman alikuwa na miaka 51, umri wako. Lydiard akamwalika Jumapili moja wakimbie na watu wa kawaida wa Auckland, akina mama, wafanyakazi, wazee. Yule kocha wa mabingwa akaachwa nyuma. Aliyebaki kumsindikiza ni mzee aliyemzidi miaka zaidi ya 20, mtu aliyekwishapata mshtuko wa moyo. Bowerman alirudi Eugene akaanza kuwaita raia uwanjani, wake kwa waume, wakimbie polepole. Akashirikiana na daktari wa moyo, Waldo Harris, na kitabu chao cha 1967 kuhusu joging kikaeneza jambo hilo Marekani nzima. Wewe Jumamosi alfajiri unapita Barabara ya Kilwa na wenzako mmevaa fulana za rangi moja, mnaimba na kupiga makofi, na mnajiita klabu ya joging. Neno hilo lilipita Eugene kabla halijafika Mbagala. Mama wa miaka 51 anayekimbia huku anaongea ni mtu wa nyumbani pale kuliko mtalii anayekwenda kupiga picha uwanja.

Uwanja nao kauone, bila shaka. Hayward Field ulijengwa 1919 na ukajengwa upya kabisa, ukafunguliwa 2020, una viti 12,650 na mnara kwenye kona wenye picha kubwa za watu wake, Bowerman akiwemo. Hapo ndipo mwaka 2022 yalifanyika mashindano ya dunia ya riadha, mara ya kwanza kwa Marekani kuyaandaa, na Joshua Cheptegei wa Uganda akachukua dhahabu ya mita 10,000. Hapo pia ndipo nyumbani kwa Edward Cheserek, kijana kutoka Kenya aliyekimbia kwa jina la chuo hicho na kushinda mataji 17 ya vyuo vikuu vya Marekani. Lakini usitegemee kuingia na kukimbia njiani mle kama uwanja wa shule; ni mahali pa mazoezi ya wanafunzi. Mwanao aulize mapema saa za wageni. Na Juni mara nyingi kuna mashindano ya vyuo pale, kwa hiyo vyumba vya kulala mjini hupanda bei na kuisha. Kama hujapata pa kulala, shughulikia hilo wiki hii.

Pa kukimbia ni ng'ambo ya mto. Toka chuoni, vuka daraja la waenda kwa miguu, uingie bustani ya Alton Baker. Humo kuna njia inayoitwa Pre's Trail, kama kilomita 6, imetandazwa vipande vya maganda ya miti. Steve Prefontaine, kijana wa pwani ya Oregon aliyeshika rekodi zote za Marekani kuanzia mita 2,000 hadi 10,000, alikuwa ameziona njia za namna hiyo akiwa Ulaya ya kaskazini akataka na mji wake uwe nayo. Hakuiona ikikamilika. Alifariki kwa ajali ya gari usiku wa 30 Mei 1975, saa chache baada ya kushinda mbio zake Hayward Field, akiwa na miaka 24. Ukikanyaga maganda yale baada ya mvua hayatoi sauti, mguu unazama kidogo na kurudi, na harufu yake ni ya mbao mpya kwa fundi seremala. Magoti yatakushukuru. Vifundo na misuli ya nyuma ya miguu, iliyozoea lami, itafanya kazi ya ziada, kwa hiyo siku ya kwanza kilomita 3 zinatosha.

Pale alipopata ajali pana jiwe la kumbukumbu, juu kilimani karibu na bustani ya Hendricks. Watu huacha viatu, medali, namba za mashindano. Ukitaka kuacha namba ya mbio za Dar, iache. Barabara ya pale ni nyembamba na ina kona kali, nendeni mchana na mtembee mmoja nyuma ya mwenzake.

Kuna jambo dogo ambalo ningelia nisipokuambia. Kule kila kitu kinapita kulia: magari, baiskeli, wakimbiaji. Kwenye njia za kando ya mto, mwenye baiskeli akitaka kukupita hupaza sauti kwa Kiingereza, maana yake "kushoto kwako!" Mtanzania akisikia hivyo mwili unaruka kushoto, na ndiko baiskeli inakopita. Bana kulia, usigeuke, aende zake. Na ukivuka barabara, gari la kwanza litatokea kushoto kwako. Vilevile kwenye njia za msituni usishike mmea wenye vijani vitatuvitatu. Unawasha kama upupu, ila upele wake huchelewa hadi siku moja au mbili, na unakaa wiki.

Masaa nayo yatakuvuruga. Kiangazi Oregon iko nyuma yetu kwa masaa 10, na mwili husogea kama saa moja kwa siku, wakati mwingine zaidi kidogo. Usiku wa kwanza utaamka saa nane umetoa macho. Jua litachomoza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri na kutua karibu saa tatu usiku, jambo ambalo hata kulitamka kwa Kiswahili linashangaza. Tembea juani alasiri, usilale mchana zaidi ya nusu saa, na mbio zako za kwanza zisiwe kabla ya siku ya tatu. Ukiweza kufika siku nne au tano kabla ya mahafali, utakaa kwenye kiti bila kusinzia jina la mwanao likisomwa.

Naye mwambie maneno haya kutoka kwangu: mtu aliyekosa usingizi Juni nzima kwa chafya, tatizo lake si kutozoea hali ya hewa; ana mzio unaotibika, na mama yake ana pumu. Aende kliniki ya chuo wiki hii, apimwe na kifua, asingoje Mei iishe.